Mvua ikishuka, mwachieni ningu njia yake

Wakati huu watu wa huku Busia tunaangalia mawingu kwa sababu ya mahindi, lakini kuna mwingine kule Ziwa Victoria anasubiri mvua hiyo hiyo, naye ni samaki anayeitwa ningu. Wazee wanamjua vizuri, vijana wengi hawajawahi hata kumuonja. Ukiuliza ameenda wapi utaambiwa mbuta, yaani sangara, alimmaliza, lakini ningu alikuwa ameshapungua sana kabla mbuta hajajaa Victoria miaka ya 1980, kilichommaliza zaidi ni nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito akiwa anapanda na tumbo limejaa mayai.

Ningu anakulia ziwani ila kutaga anapanda mto, kwetu hapa ni Sio, kule kusini ni Kagera. Haangalii kalenda. Anasubiri maji yaongezeke, yapoe kidogo, yawe na tope, yabebe harufu ya ardhi iliyotoka kulowa, na hiyo inatokea kwenye mvua za Machi mpaka Mei na tena zile za mwisho wa mwaka. Mvua ikichelewa naye anachelewa.

Sasa akifika juu hatagi katikati kwenye maji ya kasi, anaingia pembeni kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Kambale pia, usiku, mayai yake yananata kwenye majani na kama kuna joto yanaanguliwa ndani ya siku moja au moja na nusu hivi, halafu vifaranga vinahitaji siku kadhaa tena kabla ya kujitegemea. Kwa hiyo mafuriko lazima yakae. Hapa ndipo sisi wakulima tunaingia, maana swampu ya juu inanyonya mvua inaiachia polepole, ukiitoboa mifereji upande mpunga au viazi, mto unapanda jioni kwa hasira asubuhi umeshashuka, mayai yamebaki kwenye majani makavu yanaliwa na ndege. Samaki alisafiri bure, na shamba la jirani wa chini limebebwa pia.

Kisinja, samaki mwingine wa mtoni, yeye anataka changarawe safi na maji yanayokimbia. Udongo wa shamba lililolimwa mpaka ukingoni unaifunika hiyo changarawe, mayai yanakosa hewa. Nimeona watu wanalima mpaka jembe linagusa maji, eti udongo wa hapo una rutuba, ndiyo unayo lakini msimu ujao utaukuta ziwani. Sheria ya hapa Uganda inataka uache mita 30 kwa mito ya kawaida na mita 100 kwa mikubwa kama Nile, Katonga na Kagera. Najua kwa mwenye nusu eka mita 30 zinauma sana, basi kama umeshalima anza kurudisha polepole, panda majani ya napia hapo, ng'ombe watakula, ila usikate zote wakati mto umejaa maana ndiyo nyumba ya mayai. Mistari ya mahindi ikate mteremko, isishuke nao. Na dawa ya viwavi usipige mawingu yakiwa meusi, itaoshwa yote iende mtoni na pesa yako.

Wenzangu wa nyavu na migono, msizibe mto kutoka ukingo mpaka ukingo. Mimi napenda samaki kama nyinyi, lakini mwacheni apande atage kwanza. Na mkijenga kivuko kijijini, karavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, likae chini usawa wa mto, likining'inia juu kama bomba la bafu ningu ataruka ataruka mpaka achoke.

Wenye pondi za samaki karibu na mto, inueni kingo kabla ya mvua na muweke wavu mdogo pale maji yanapoingia, kambale wa mtoni akipata mlango vifaranga vyenu vya ngege, yaani tilapia, vimekwisha. Na yule anayelalamika kwamba kambale wake ni wanene, wana mayai, lakini hawazai, bwana, pondi yako maji hayapandi, hakuna majani mapya ya kufurika, huyo samaki anajua msimu haujafika. Ndiyo maana kwenye hachari, kule wanakozalisha vifaranga, wanamdunga homoni. Nunua vifaranga huko tu.