Mwembe mmoja, wiki moja: kumaliza maembe kabla hayajaoza

Mwembe wa uani hauna habari ya zamu. Ukianza kuivisha, nyumba ya Buswelu au Igoma, hapa Mwanza, inajikuta na ndoo tatu za lita 20 kwa mara moja, na jirani hataki kupewa kwa sababu naye ana za kwake. Hasara nyingi hutokana na kuyaweka yote pamoja chini ya kitanda yakisubiri kuiva. Yaliyolegea yanaoza, yanaambukiza mengine, na kufikia Alhamisi nusu ya ndoo ni ya kumwaga. Kila embe lipangiwe kazi siku ileile linapochumwa.

Chuma Jumamosi asubuhi umande ukishakauka. Usitikise tawi, maana embe lililoanguka huvilia ndani na doa jeusi hujitokeza siku ya pili au ya tatu, wakati umeshaliamini. Tengeneza upondo: mti wa mita tatu au nne, pete ya waya mgumu kwenye ncha, na kipande cha wavu chakavu kilichoshonwa kama soksi kwenye pete hiyo. Pembeni mwa Ziwa Victoria wavu chakavu haukosekani. Bakiza kikonyo cha sentimita moja au mbili. Kikikwanyuka, utomvu unatiririka na kuunguza ganda, na hata ngozi ya mikono yako. Yalaze kikonyo kikiwa chini juu ya majani kwa saa moja, kisha yaoshe na kuyafuta.

Sasa yachambue. Mabichi magumu ni ya achari. Yaliyokomaa, yaani mabega yamevimba kuzunguka kikonyo, yaingie kwenye katoni pamoja na karatasi na ndizi mbivu moja. Ndizi hutoa ethilini, gesi inayoivisha, nayo yatakuwa tayari katikati ya wiki. Usiyafunge kwenye plastiki, yatavuja jasho na kuchacha. Wala usiyaweke kwenye friji yakiwa bado hayajaiva: baridi kali hulifubaza ganda, na embe haliivi sawasawa hata ukilitoa.

Yenye kitundu kinachotoa maji ni ya inzi wa matunda. Hayo usiyaache chini ya mti. Funza hutoka ndani ya tunda, huingia ardhini na kugeuka huko kuwa inzi, kisha inzi hao wapya hupanda kwenye mti uleule. Chimba shimo la nusu mita au zaidi, fukia na ushindilie.

Yaliyolegea yamalizwe jioni hiyohiyo. Menya, kamua kwa mkono, chuja nyuzinyuzi, jaza kwenye makopo mapana yenye kimo kifupi na uyagandishe. Kopo la namna hiyo huganda haraka. Umeme ukikatika, usifungue friza hata kidogo. Rojo likiyeyuka likawa la vuguvugu, lisigandishwe tena. Likiwa bado la baridi, lipike jamu siku hiyo. Likinuka chachu, limwage.

Jumapili pika jamu. Kwa kilo moja ya nyama ya embe bivu, weka sukari gramu 700, maji ya ndimu tatu, na embe bichi moja la kiasi lililoparuzwa. Embe bivu lina pektini kidogo, na bila pektini jamu hubaki kama sharubati. Embe bichi ndilo linaloishikisha. Kama una mapera, robo kilo ya rojo lake lililochujwa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Chemsha matunda peke yake dakika 15 hadi yalainike, ndipo utie sukari. Ukiitia mwanzoni, vipande hukakamaa na chini huungua. Kuanzia hapo usiuachie mwiko, na vaa mikono mirefu kwa sababu jamu inayotokota huruka. Baada ya nusu saa hivi, dondoshea kijiko kimoja kwenye kisahani cha baridi, subiri dakika moja, kisha isukume kwa kidole. Ikijikunja kama ngozi ya maziwa, epua. Ikirudi kufunika njia ya kidole, bado.

Chupa za vioo na mifuniko yake zichemshwe dakika 10 na kukaushwa kabisa. Jaza jamu ikiwa moto, bakiza sentimita moja juu, funga. Ukungu mara nyingi huanzia kwenye mfuniko wenye maji au kwenye sukari iliyopunguzwa kwa kubania.

Maembe mabivu lakini magumu kidogo ni ya kukausha. Angalia mbingu kwanza, maana kazi hii inataka siku mbili kavu, na vuli ina tabia ya kumwaga mvua mchana. Kata vipande vya milimita sita hadi nane. Vinene huchacha katikati. Vitumbukize dakika tano kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye maji ya ndimu nne, visiwe vyeusi. Saa tatu asubuhi vitandaze kwenye kichanja cha wavu safi usiowahi kuvuliwa samaki, juu usawa wa kiuno, na ufunike kwa chandarua kisichokuwa na dawa. Kaa mbali na vichanja vya dagaa: embe hunyonya harufu, na inzi wa huko watahamia kwako. Jioni ingiza ndani kabla taa hazijawashwa, kwani wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga kwa maelfu na kunata kwenye sukari. Mvua ikikuwahi siku ya kwanza, usibahatishe, geuza vyote kuwa jamu.

Kipande kilichokauka hukunjika bila kuvunjika, na ukikibana hakitoi maji. Jaza chupa hadi theluthi mbili, funga, na uitikise kila siku kwa wiki nzima. Ukiona matone ndani ya kioo, rudisha vipande juani siku hiyohiyo.