Kilele Asubuhi, Samaki Jioni: Jinsi ya Kupanga Safari ya Mlimani

Wengi wanaotaka kupanda mlima na kuvua katika safari moja huchagua kilele kwanza, kisha hutafuta ziwa lililo karibu. Mimi huanza na ziwa. Vilele vyepesi vimejaa kuzunguka mabonde ya juu, ila ziwa lenye samaki ni la kutafutwa.

Hatua ya 1: Hakikisha samaki wapo

Maziwa mengi ya milimani hayakuwa na trauti, samaki wa maji baridi, tangu asili, kwa sababu maporomoko ya maji yaliwazuia kupanda. Waliomo leo walipandikizwa na watu. Kuna sehemu, kama milima ya Sierra Nevada ya California, ambako baadhi ya maziwa yameondolewa trauti ili kuwanusuru vyura wa asili. Kwa hiyo habari ya miaka kumi iliyopita inaweza kukupeleka kwenye maji matupu. Waulize wanaosimamia uvuvi na hifadhi ya eneo hilo, na papo hapo uulizie leseni, kibali cha kulala na msimu wa kuvua.

Kwenye ramani, tafuta ziwa lenye kina na kijito kinachoingia au kutoka. Ziwa la kina kifupi likifunikwa na barafu muda mrefu huishiwa oksijeni, na samaki hufa.

Hatua ya 2: Chagua kilele cha mikono, si cha kamba

Wamarekani hupima njia za mlima kwa madaraja 5. Daraja la 3 unashika mwamba kwa mikono; la 4, ukianguka unaweza kufa. Safari hii iishie la 3. Jiulize pia kama utaweza kushuka ulikopandia, maana mwamba uliopanda kwa urahisi unaweza kukutisha ukiutazama kutoka juu.

Kukadiria muda, natumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 6 zenye mita 900 za kupanda ni takribani saa mbili na dakika arobaini. Pasipo na njia, mimi huongeza nusu yake, zikawa kama saa nne. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa nne uko juu.

Hatua ya 3: Igawe siku

Hapa ndipo safari hufaulu au huharibika. Milima mingi wakati wa kiangazi, jua hupasha mabonde, hewa hupanda, na baada ya adhuhuri mawingu huleta radi. Vijito vya theluji navyo huwa vidogo alfajiri na hufura alasiri. Kwa hiyo asubuhi ni ya kilele, na ifikapo saa sita mchana uwe umeshaanza kushuka.

Samaki hawapotezi kitu kwa kusubiri. Upepo wa mchana hupuliza sisimizi na mbawakawa kutoka bondeni hadi majini, na jioni unapotulia, trauti huja juu kuwaokota. Mara moja niliigeuza ratiba hii kwa sababu samaki walikuwa wanadaka vizuri asubuhi. Saa nane mchana nilikuwa bado kwenye mgongo wa mlima, nikasikia radi upande wa pili. Niliteremka kwenye kokoto zinazoporomoka kwa haraka ambayo sitaki kuirudia.

Radi ikinguruma ukiwa ziwani, weka fimbo ya kuvulia chini uondoke majini. Fimbo ya kaboni hupitisha umeme.

Hatua ya 4: Mzigo

Fimbo ya vipande vinne, ya namba 4 au 5 (namba hiyo hupima uzito wa mshipi wake), huingia begini bila taabu. Nyepesi zaidi ni tenkara ya Wajapani: haina gurudumu la mshipi, na hukunjwa ikaingia ndani yake yenyewe. Nzi bandia, yaani ndoano zilizovishwa manyoya au nyuzi zifanane na wadudu, kumi na wawili wanatosha, wa ukubwa wa namba 14 na 16, na watatu kati yao wawe mfano wa sisimizi. Usiache helmeti nyumbani ili upate nafasi ya nzi zaidi. Mawe huanguka hata kwenye njia nyepesi.

Hatua ya 5: Ukifika majini

Usikimbilie ukingoni. Simama nyuma, utazame. Trauti wa ziwani huzunguka karibu na ufuko, na kivuli chako huwafukuza. Anza pale kijito kinapoingia. Bana kijino cha ndoano kwa koleo, na lowesha mikono kabla ya kumshika samaki utakayemrudisha, la sivyo utamwondolea ute unaomkinga. Maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, acha kuvua: trauti aliyechoka kwenye maji ya joto hufa hata akiogelea kwenda zake. Hema iwe mita 60 kutoka majini.

Hatua ya 6: Kabla ya kuondoka

Mwachie mtu ramani yenye njia yako na saa ya kuanza kukutafuta. Ukivuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kisha ongeza siku moja ya akiba, na chakula chake. Kilele kikifungwa na mawingu asubuhi ya kwanza, utajaribu kesho yake.