Ncha za mkorosho zimeungua, na wewe unaongeza salfa

Msimu uliopita, mwezi wa 9 hivi, niliingia shamba moja upande wa Tandahimba, mzee mwenye shamba hata salamu hatujamaliza ananiambia, "Mwanangu, salfa ya mwaka huu feki, nimepiga mara saba na mikorosho bado inaungua." Mara saba hiyo salfa, dawa ya unga ya kukinga ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho! Ana mikorosho 120, kila mti gramu 250, maana yake kila mzunguko kilo 30 zinaondoka. Mizunguko inayotakiwa ni mitano, kwa hiyo ile miwili aliyojiongezea ni kilo 60 za salfa, mifuko miwili ya kilo 25 na kilo 10 juu, bado petroli ya mashine na vijana wa kupuliza ambao lazima uwalipe.

Salfa yake haikuwa feki. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu, ila kilichokuwa kinaunguza ile mikorosho salfa haikihusu kabisa.

Naandika hili sasa hivi kwa sababu mvua zimekata, mikorosho inaanza kutoa majani mapya, na najua kuanzia Newala mpaka Nachingwea kuna watu wengi watarudia kosa lile lile la yule mzee. Ukiona ncha nyeusi unasema ubwiriunga, ukisema ubwiriunga unaongeza salfa, ikiendelea kuungua unaongeza tena, na siku zinakwenda.

Nilikata ncha moja pale pale nikamshikisha. Ilikuwa laini, urefu kama kiganja, na ubavuni ina mabaka meusi marefu yaliyobonyea kama imeguswa na sindano ya moto, pembeni ya baka kuna utomvu umeganda. Nikamwambia mzee wangu, pitisha kidole. Akapitisha, kidole kikatoka na unga wa njano wa salfa yake mwenyewe, chini yake baka jeusi liko vile vile. Ubwiriunga haukai hivyo, ule ni ukungu mweupe wa kijivu kama unga wa muhogo, unaufuta na unaondoka na kidole. Hapo ndipo pa kutofautisha, na hapahitaji mtaalamu, panahitaji kidole chako.

Halafu nikachana ile ncha kwa wembe kwa urefu. Ndani kulikuwa na mstari wa kahawia unashuka kutoka kwenye baka kuelekea chini, umeshapita majani matatu. Huo mstari ni kuvu. Yaani kuna mambo mawili yanakwenda pamoja: mbu wa mikorosho (siyo mbu wa malaria, huyu ni mdudu anayefyonza miti) anafyonza ile ncha laini, mate yake yana sumu inayoua sehemu aliyochoma, na kile kidonda kinakuwa mlango, kuvu wanaingia na kukausha kijiti kutoka nchani kurudi nyuma. Ukitazama kwa mbali unaona tawi limebabuka kama limepitiwa na moto. Salfa ya unga ni dawa ya kukinga ubwiriunga juu ya jani na ua. Mbu haimuui. Kuvu aliyeshaingia ndani ya kijiti haimfikii. Sasa unapuliza ili iue nini?

Na mbu mwenyewe tulimkuta, chini ya jani la pili. Mwembamba, hafiki hata sentimita moja, vipapasio vyake virefu kuliko mwili, na mgongoni ana kitu kama pini imesimama wima na kichwa chake. Ukiona hiyo pini, ndiye. Mzee akasema huyu namuona kila siku nilidhani ni mdudu wa kawaida tu.

Sasa twende kwenye saa na siku, maana hapa ndipo mnapoharibu hata mkishajua adui ni nani.

Kukagua kunaanza majani mapya yanapochomoza, siyo maua yakishaanza kuungua. Mara moja kwa wiki, siku ile ile, mpaka korosho zimeshika. Nenda saa 12 mpaka saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kwa sababu jua likiwa kali mbu wanajificha ndani ya kivuli, utazunguka shamba zima saa 7 mchana urudi nyumbani useme hamna kitu. Mimi nawaambia wakulima wangu wachague miti 10 iliyotawanyika, usichague ya njiani tu, kila mti uangalie ncha 10 kuzunguka pande zote, unaandika kwenye daftari ncha ngapi zina baka jipya. Baka jipya linang'aa kama limelowa, la zamani limekauka na kupasuka. Andika! Kichwa hakikumbuki wiki iliyopita ilikuwa 3 au 8, na bila hiyo namba huwezi kujua kama mbu wanaongezeka au wameondoka.

Ukikuta mabaka mapya na mbu wapo, hapo unahitaji dawa ya wadudu, siyo ya ukungu. Madukani zipo zenye lamda-sihalothrini na nyinginezo, soma kibandiko kama kimeandikwa mikorosho na mbu, kama hakijaandika mrudishie muuzaji. Kipimo ni kile cha kibandiko na kipimwe kwa bomba la sindano lenye mililita, linapatikana duka lolote la dawa. Kizibo cha soda siyo kipimo jamani, nimesema hili kila mkutano na nitaendelea kulisema. Kama kibandiko kinasema mililita 5 kwa lita 1 ya maji na tangi la mashine yako ni lita 10, basi ni mililita 50, haipungui, haizidi. Na hilo tangi lipime mwenyewe kwa dumu la lita 5, usiamini kuambiwa. Halafu kuna wanaomwaga dawa ya maji ya wadudu ndani ya salfa ya unga wakoroge wapige vyote kwa mkupuo mmoja, eti kuokoa petroli. Inaganda madonge, mti mmoja unapata dozi ya miti mitano na mwingine haupati kitu. Acheni.

Puliza alfajiri upepo haujaanza au jioni umetulia, na maua yakishafunguka jioni ndiyo bora zaidi kwa sababu asubuhi nyuki wako kazini na hao ndio wanaokushikishia korosho. Lenga ncha na chini ya majani, shina halina mbu.

Siku ya 7 rudi ukague. Usipige tena siku hiyo hata kama umekasirika. Mbu anataga mayai ndani ya kijiti kile laini, kwa nje yanabaki vijinyuzi viwili vidogo kama nywele, dawa haiyafikii, yanaanguliwa baada ya wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo ukipiga mapema dawa inapita juu ya mayai. Siku ya 14, kama ukaguzi unaonyesha watoto wameanguliwa (wadogo, hawana mabawa, rangi ya machungwa kidogo), ndipo unapiga mara ya pili, hao hawajafika umri wa kutaga. Kama hakuna, usipige, tunza hela yako.

Na mti wenye sisimizi wa maji moto usiuguse. Ukiona viota vyao vya majani yaliyoshonwa vimejaa mtini, wale sisimizi wekundu wanamfukuza mbu usiku na mchana bila kukudai, ukiwapiga dawa umemsaidia mbu. Najua wanauma wakati wa kupogolea, vumilia.

Vijiti vilivyokwisha kauka dawa haivifufui, vinakatwa. Siyo kwa panga, panga linapasua na kuacha kidonda kikubwa kuliko kile cha mbu. Tumia msumeno au mkasi wa kupogolea, kata siku kavu baada ya kumaliza kuvuna, mvua zikiwa bado, sentimita 15 chini ya pale weusi unapoishia. Kisha angalia uso wa ulipokata: ukiwa mweupe safi umefika, ukiona duara au doa la kahawia kuvu bado yuko chini, shuka tena sentimita 15. Wengi wanakata pale pale weusi unapoishia kwa sababu wanauonea huruma mti, halafu mwezi ujao wananipigia simu kijiti kimeendelea kukauka. Kati ya mti na mti chovya msumeno kwenye jiki, kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 9 vya maji, ukimaliza siku uoshe na upake mafuta usishike kutu. Matawi uliyokata yachome siku hiyo hiyo pembeni, mbali na mikorosho, usiyarundike chini ya mti kusubiri kuni.

Salfa yenu endeleeni nayo kwa ubwiriunga, gramu 250 kwa mti, kila baada ya siku 14, mizunguko mitano, alfajiri umande ukiwepo ili ishike. Haijakosea kitu, tusiisingizie.

Ukiwa umepatia, ncha mpya zitatoka kijani mpaka mwisho na shada litafunguka bila weusi.

Yule mzee mwaka huu ameshanunua bomba la sindano na daftari. Jumatatu alinipigia, kwenye miti 10 amekuta ncha 4 zina mabaka mapya, zote upande wa mpera wake uliopo mpakani, na mbu huwa anakaa na kwenye mipera, nikamwambia akague na huo mpera jioni kabla hajagusa dawa.