Kutoa Mali Ungali Hai: Hesabu, Makabidhiano na Hati

Kabla ya kugawa chochote, jua kinachokutosha wewe na wanaokutegemea. Hatua hii ikirukwa, mtoaji hujikuta akimwomba nauli yule yule aliyempa shamba, na heshima ya wote wawili ikaingia doa.

Andika daftarini kila shilingi inayotoka kwa miezi mitatu, na mmoja kati ya hiyo uwe wa kusi, msimu wa upepo wa kusini. Kusi likichafuka, mashua ndogo hazitoki Lamu na samaki hupanda bei, kwa hiyo hesabu ya kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, peke yake itakudanganya. Tafuta wastani, zidisha kwa 12, kisha ongeza nusu yake kwa maradhi na ukarabati. Mwenye kutumia 25,000 kwa mwezi atajiwekea 450,000. Akiwa na 600,000 zilizotimiza mwaka mkononi, na zimefika nisabu, kiwango cha chini kinachowajibisha zaka (thamani ya gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha), zaka ni asilimia 2.5, yaani 15,000. Kama hana deni, zilizobaki za kutoa ni 135,000. Zaka ni haki ya watu, kwa hiyo usiihesabu kama ukarimu.

Kubana matumizi kuna faida penye matumizi makubwa, na kwa wengi hapo ni kitoweo. Nunua samaki dikoni mashua zinapoingia, nyakati wanapopatikana kwa wingi, ukaushe ng'onda, samaki wa chumvi, wa akiba ya kusi. Mpasue, umtoe matumbo, umwoshe, umpake chumvi kilo 1 kwa kila kilo 3 au 4 za samaki, umlaze usiku mzima kwenye chombo kinachochuja maji. Mwanike juu ya chanja siku 3 hadi 5, na kila magharibi mwingize ndani, umande usimrudishie unyevu. Chumvi ikipunjwa, inzi hutaga penye mifupa na funza wakamla kwa ndani, huku juu akionekana mzima.

Ila usibane ukarabati wa nyumba. Sakafu ya juu, yaani paa bapa la nyumba ya mawe, ikipata ufa na masika yakaingia, maji hufuata boriti hadi ncha iliyozama ukutani, na huko huoza bila kuonekana. Ndoo ya chokaa leo ni nafuu kuliko kubadilisha boriti nzima.

Sasa hiba, yaani mali unayompa mtu bure ungali hai, na hapa ndipo panapoharibika mambo mengi. Katika fikihi ya Kishafii tunayoifuata pwani, hiba ina kutoa, kukubali na kukabidhi. Maneno barazani mbele ya mashahidi kumi hayatoshi ikiwa funguo ziko mfukoni mwako na kodi ya wapangaji unaipokea wewe. Siku ukifa, warithi watasema nyumba haikutoka mkononi mwako, na watakuwa na hoja. Mpe funguo, wapangaji waambiwe wamlipe yeye, hati ibadilishwe jina kwenye ofisi ya ardhi. Ukiwa na mwenzi, ridhaa yake iandikwe mapema. Kwa sheria ya Kenya, shamba la kilimo linahitaji pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 ya makubaliano.

Chuck Feeney, Mmarekani aliyeshiriki kuanzisha Duty Free Shoppers, kampuni ya maduka yasiyotozwa ushuru, alihamisha hisa zake kwenda kwenye taasisi yake ya hisani mwaka 1984, akiwa mzima wa afya. Taasisi hiyo, Atlantic Philanthropies, ilitoa zaidi ya dola bilioni 8 na kufungwa mwaka 2020. Yeye na mkewe walijibakishia dola milioni 2 hivi, wakaishi nyumba ya kupanga San Francisco. Alikufa 2023. Mali ilikwisha kutoka mikononi mwake miaka mingi kabla.

Usingoje kitandani. Anachotoa mtu katika maradhi ya mauti huhukumiwa kama wasia: hakizidi theluthi, na mrithi hapewi mpaka warithi wenzake waridhie. Kwa watoto, toa sawasawa. Mtume alimuuliza baba yake Nuuman bin Bashir kama amewapa watoto wake wote kama alivyompa huyo mmoja, na alipojibu hapana, alimwamuru awafanyie uadilifu.

Ada ya mwanafunzi ilipe kwenye akaunti ya shule, risiti umpe mzazi. Mvuvi mnunulie nyavu kuliko kumpa fedha taslimu, lakini muulize kwanza ukubwa wa macho anaoutumia.

Wakfu, mali inayozuiwa ili mapato yake yaende kwenye kheri, una mashaka yake. Hauuzwi, haurithiwi, na hivyo ukikosea mwanzoni ni vigumu kurekebisha. Hati itaje mipaka ya shamba, idadi ya minazi, anayenufaika, msimamizi na atakayemrithi msimamizi huyo. Andika pia kwamba mapato yaanze na matunzo ya mali yenyewe, kisha ndiyo yagawiwe, la sivyo nyumba ya wakfu itaendelea kulipa madrasa huku ikiporomoka. Pitisha hati kwa kadhi, isajiliwe kwa makamishna wa wakfu, na nakala moja ikae kwa msimamizi tangu siku ya kwanza.