Ratiba ya zamu ya nyumba ya vyumba sita: jinsi ya kuipanga, kuichapisha na kuitumia

Kazi yangu ni kuchapisha, na wapangaji kutoka Majengo na Kisauni huniletea ratiba za usafi mara kwa mara. Nyingi zina kasoro kabla hata ya kugusa printa: siku juu, majina chini, basi. Mfano wangu hapa ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye choo kimoja, ukumbi wa katikati na ua wa nyuma.

Hatua ya 1: Andika kazi zenyewe

Zunguka nyumba na kalamu. Ukiandika "choo" peke yake, mtu atamwaga ndoo moja ya maji aseme amesafisha, na huna la kumjibu. Andika hivi: "Choo: sugua kwa brashi na dawa, mwagia maji, jaza ndoo." Kwa nyumba hii kazi za kila siku ni tatu tu: choo na bafu, kufagia na kudeki ukumbi, kufagia uani na kutoa taka. Chumba chenye zamu hufanya zote tatu siku hiyo.

Tumia namba za vyumba. Wapangaji huhama, namba haihami.

Hatua ya 2: Zitenge kazi zisizo na siku

Ratiba nyingi hufia hapa. Maji ya mfereji hayaji kila siku, na yakija huenda ikawa usiku wa manane. Ukiandika "Jumatano, Chumba 3 kujaza tangi", kisha maji yaje Alhamisi, Chumba 3 amepona na Chumba 4 amebebeshwa. Ugomvi huo.

Kazi hii ipe karatasi yake isiyo na siku: Chumba 1 mpaka 6 kwenda chini, na kisanduku mbele ya kila kimoja. Maji yakija, chumba cha kwanza ambacho hakijatiwa alama ndicho chenye zamu. Tokeni za stima, kama mita ni ya pamoja, ziingize humo humo kwa safu ya pili.

Hatua ya 3: Hesabu ya wiki

Wengi huchapisha wiki moja na kuitoa kopi. Vyumba ni sita na siku ni saba, kwa hiyo Chumba 1 atashika zamu mara mbili kila wiki, milele. Kanuni yangu: wiki ziwe nyingi sawa na vyumba, na hesabu isikatike. Mimi huanza Jumamosi:

Wiki ya 1: 1 2 3 4 5 6 1
Wiki ya 2: 2 3 4 5 6 1 2
Wiki ya 3: 3 4 5 6 1 2 3

Endelea hivyo mpaka wiki ya 6. Ni siku 42, kila chumba kimeshika saba, na kila kimoja kimeonja Jumamosi na Ijumaa mara moja. Ila vyumba vikiwa saba, hesabu hugandisha kila mtu kwenye siku ile ile. Hapo ruka namba moja kila wiki mpya.

Hatua ya 4: Kompyuta na printa

Excel inatosha, na LibreOffice ni ya bure. Laza karatasi ya A4, acha milimita 15 kila upande, chora safu nane: moja ya wiki, saba za siku. Kila safu itapata kama milimita 33, nafasi ya namba na sahihi. Orodha ya kazi tatu ikae juu kwa maandishi makubwa.

Chagua printa ya leza. Wino wa maji hutawanyika ukirukiwa na tone moja, na nyumba zetu zina unyevu.

Laminesheni? Orodha ya maji ndiyo, maana hufutwa mzunguko ukiisha. Ratiba ya wiki sita sikushauri: peni haishiki kwenye plastiki, na alama ya kufutika mtoto huiondoa kwa kidole, ushahidi ukaenda.

Hatua ya 5: Kutundika na kupokeana

Weka ukumbini, mbali na bafu na moshi wa jiko. Ukuta wa chokaa haushiki selotepu. Piga msumari, tundika kipande cha kadibodi, bana karatasi kwa vibanio vya nguo. Peni ifungwe kwa uzi, la sivyo kesho huioni.

Sahihi haiwekwi na aliyefanya kazi. Huwekwa na chumba kinachofuata, baada ya magharibi, kikishakagua. Akitia sahihi, uchafu wowote uliobaki ni wake. Wakibadilishana siku, namba zote mbili ziandikwe kwenye kisanduku.

Mwezi wa Ramadhani sogeza makabidhiano yawe alasiri. Magharibi hakuna atakayeacha futari akakague choo. Na chumba kikibaki kitupu, usiwagawie wengine zamu zake kwa mdomo: chapisha upya, vyumba vitano, wiki tano.