Namna ya kuifuatilia nyumba yako ikijengwa ukiwa mbali

Mimi ni muuguzi. Kituo changu cha kazi kiko Kigoma na nyumba yangu iko Kibaha, zaidi ya kilomita elfu moja, na likizo yangu ni siku 28 kwa mwaka. Hizo ndizo siku nilizosimama kiwanjani kwa miguu yangu. Nyingine zote nilijenga kwa simu. Imenichukua miaka mitatu, vyumba vitatu, ramani niliyoichora na mchoraji chumba kwa chumba. Nakueleza nilivyofanya, na pale nilipopigwa pia.

Kwanza, acha kuuliza "fundi, umefika wapi?" Swali hilo lina jibu moja tu: "Sista, tunaenda vizuri." Nilijibiwa hivyo wiki mbili mfululizo, na kila siku picha ya ukuta. Siku ya kumi na nne, niko zamu ya usiku na wodi imetulia, nikazifungua picha zote kwa pamoja. Ukuta ulikuwa na kozi saba, yaani mistari saba ya tofali, siku ya kwanza, kozi saba siku ya mwisho. Ndoo ya bluu iliyokatika mkono ilikuwa pale pale chini ya dirisha. Fundi alizipiga zote siku moja, huku na huku, akawa ananitumia mojamoja kama dozi, mwenyewe yuko saiti ya mtu mwingine. Hela yangu ya wiki mbili alishaila.

Tangu hapo nauliza namba. Kozi ngapi leo? Mifuko mingapi imetumika, mingapi imebaki stoo? Tofali letu la kawaida lina inchi 9 kwenda juu. Ukiongeza udongo wa kujengea, kozi nne zinakaribia mita moja. Ukijua hilo, picha moja inatosha kukupa urefu wa ukuta. Likizo iliyofuata nilichimbia vigingi viwili vya nondo, kimoja kona ya mbele, kingine kona ya nyuma. Picha inapigwa mtu akisimama kwenye vigingi hivyo tu, jioni, nyumba nzima ikionekana. Pembeni alama hazibadiliki, kinachotakiwa kubadilika ni ukuta.

Pili, tafuta jicho. Watu wengi humpa ndugu, na ndugu huyo huyo ndiye anayetumwa kununua saruji. Usifanye hivyo. Anayenunua asiwe anayekagua, hata kama mmenyonya ziwa moja. Jicho langu mimi ni mama anayeuza maandazi jirani na kiwanja. Kozi hazijui, lakini vikombe vyake anavijua. Fundi akiniambia leo alikuwa na vibarua sita, namuuliza mama. "Waliokunywa chai walikuwa wanne, mwanangu." Wanne basi, ndio ninaowalipa. Kila wiki namrushia vocha, na sijawahi kutumia hela yenye faida kama ile.

Saruji ipigie hesabu mwenyewe kabla hujatuma pesa. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hula mifuko sita na kidogo ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo. Chumba cha mita 4 kwa 4, jamvi, yaani sakafu ya zege, la unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 1.6, sawa na mifuko kama kumi. Fundi aliniombea kumi na sita. Nilipompa hesabu, alicheka, akasema "Sista kumbe umesoma ujenzi." Sijasoma ujenzi, kupima dozi kwa uzito wa mtoto ndiyo kazi yangu ya kila siku, na hesabu ni ile ile.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo nyumba inapoibiwa. Ukuta uliosimama kila mtu anauona. Kinachotaka macho ni kile kitakachofukiwa: kina cha msingi, nondo kabla ya zege, dawa ya mchwa na nailoni chini ya jamvi, mabomba ya maji na ya umeme kabla ya plasta. Kwangu sheria ni moja: hakifukiwi kitu mpaka nimekiona, na kila picha iwe na futi ya kupimia ndani yake. Mtaro upigwe picha futi ikiwa imesimama ndani. Nondo zipigwe futi ikiwa imelazwa juu yake, nione ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo, zimeachana kiasi gani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kukaribia kilo 10.7; ukiletewa iliyo nyepesi sana, umeuziwa nyembamba kwa bei ya nene. Kama kuna mzani wa mkaa jirani, utumie, hakuna atakayekufunga.

Kona nazo zikaguliwe kabla msingi haujapanda. Chumba cha mita 3 kwa 4 kikivutwa kamba toka kona hadi kona kisome mita 5 kamili. Kisiposoma, kimekwenda upande, na utakuja kuligundua siku unapanga vigae.

Picha za mabomba zihifadhi hata nyumba ikiisha. Fundi makabati alipotaka kutoboa ukuta wa jikoni, nilimtumia picha ya miaka miwili nyuma: bomba liko sentimita 40 toka fremu ya mlango. Akahamisha tundu.

Kumwagilia zege ndiko kunakosahaulika zaidi, maana hakuna anayelipwa kwa kumwagilia. Wiki ya kwanza lisikauke kabisa. Mama wa maandazi alikuwa akipita saa sita mchana, anaweka kiganja, ananiambia "bichi" au "kavu". Basi.

Malipo yafuate hatua, yasifuate shida za fundi. Mtoto wake atarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, mkewe ataumwa, na mengine ni kweli. Nilimkopesha mara mbili kutoka mfukoni kwangu, lakini si kutoka kwenye hela ya hatua. Kila hatua niliacha kipande cha malipo yake mkononi mwangu.

Kupaua panga kuishe kabla ya masika, yaani kabla ya Machi. Bati liangalie maandishi yake likiwa bado chini: geji 28 ni nene kuliko geji 30, namba ikipanda bati linapungua. Likishapanda juu, hutajua kitu.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha niko zamu. Nikampigia mama, ana ufunguo, aingie na tochi chumba kwa chumba. "Sebuleni pakavu. Chumba cha kwanza pakavu. Huku cha nyuma kuna tone, nimeweka sufuria." Laki tatu za fundi zilikuwa bado kwenye simu yangu. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa juu ya paa.