Kurekebisha behewa la gadi la N5c la skeli ya HO lifanane na lile la kweli

Jumamosi iliyopita mpwa wangu wa miaka 14 alikuja na behewa la plastiki alilolinunua kwa dola 5 kwenye maonyesho ya treni za modeli. Akaliweka mezani kando ya langu, akayatazama yote mawili kwa muda, kisha akauliza: "Mjomba, mbona vishikio vya lako vinapitisha mwanga nyuma yake, na vya kwangu vimegandamana na ukuta?"

Hapo ndipo tofauti ilipo, na ameiona mwenyewe bila kuelekezwa. Tulifanya kazi Jumamosi mbili. Naandika jinsi tulivyofanya, kwa sababu miaka iliyopita sehemu moja ya kazi hii ilinipotezea jioni tatu na ukuta mzima wa behewa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. HO ni skeli ambayo modeli ni ndogo mara 87 hivi kuliko kitu cha kweli. Kabusi ni behewa la mwisho la treni ya mizigo ya Marekani, alimokaa kondakta na mwenzake wa bendera. Marehemu baba yangu alikuwa gadi wa reli huko Voi, kwa hiyo kwangu mimi hili ni behewa la gadi na nitaliita hivyo. N5c ni aina moja ya behewa hilo, ya kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad. Yalijengwa 200 katika karakana za Altoona mwaka 1942, yote ya chuma, namba 477820 hadi 478019. Utayatambua kwa madirisha ya duara kama ya meli na kibanda cha juu ya paa chenye kuta za mbele na nyuma zilizoinama. Ninaishi karibu na Harrisburg, ng'ambo ya mto kutoka yadi ya Enola ambako mabehewa haya yalipita usiku na mchana, na ndiyo maana nimeyapenda kuliko mengine.

Ukitaka N5c lililokwisha kutengenezwa vizuri, kampuni ya modeli ya Bowser wanalo, na ni zuri. Mwongozo huu ni wa mwenye behewa la bei rahisi ambaye anataka kulitengeneza kwa mikono yake.

Hatua ya 1: Chagua behewa moja, picha moja, mwaka mmoja

Usirekebishe "N5c" kwa jumla. Tafuta picha ya behewa moja lenye namba inayosomeka na tarehe inayojulikana, kisha fuata hilo tu. Mabehewa haya yalifanya kazi miaka mingi na yakabadilishwa: mengine yalifungwa antena ya simu ya treni na baadaye ikaondolewa, na baada ya kampuni kuungana na reli ya New York Central mwaka 1968 rangi na maandishi nayo yakabadilika. Ukichukua kitu hiki kwenye picha ya 1948 na kile kwenye picha ya 1965, utapata behewa ambalo halikuwahi kuwepo. Sisi tulichagua picha ya katikati ya miaka ya 1950, yenye antena.

Chapisha picha kwa ukubwa wa karatasi nzima na uiweke mbele yako. Ya kwenye simu haitoshi, kwa sababu utachoka kuiwasha na utaanza kukisia.

Hatua ya 2: Fungua na uondoe rangi

Tenganisha paa, mwili na sakafu. Loweka mwili kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 91 usiku kucha, kisha sugua kwa mswaki laini. Jaribu kwanza tone moja upande wa ndani. Usikaribishe asetoni, itayeyusha plastiki.

Hatua ya 3: Kunyoa vishikio vya plastiki bila kuua ribiti

Nenda polepole hapa. Viwanda vya modeli za bei rahisi huchonga vishikio kama matuta kwenye ukuta, na pembeni yake kuna safu za ribiti (vichwa vya pini zinazounganisha mabati) ndogo kama punje za mchanga. Kazi yako ni kuondoa tuta na kuiacha kila ribiti mahali pake.

Mara yangu ya kwanza nilichukua kisu cha wembe, nikakilaza, nikanyoa kwa mkupuo mmoja. Wembe ulizama, ukachimba shimo ukutani na kuondoka na ribiti nne. Nikajaza shimo kwa puti, nikapiga msasa, msasa ukala ribiti nyingine sita. Nikajaza tena. Jioni ya tatu upande mzima ulikuwa laini kama sahani, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikujua tena vishikio vilikuwa wapi, maana nilikuwa nimefuta alama zote.

Kwa hiyo, *kabla hujanyoa chochote*, toboa. Kila tuta lina ncha mbili, pale kishikio cha kweli kilipofungwa kwa boliti. Choma alama kwenye kila ncha kwa sindano, kisha toboa kwa biti ya milimita 0.35 iliyofungwa kwenye mpini mdogo wa kuzungusha kwa vidole. Usitumie mashine ya umeme; joto lake huyeyusha plastiki, tundu linapanuka na biti inakatika ndani. Kabla ya kutoboa, linganisha na picha, kwani tulikuta kishikio kimoja kimewekwa chini mno kiwandani. Pale fuata picha, usifuate tuta.

Sasa funika ribiti za jirani kwa tabaka mbili za masking tepu. Tepu hailindi kwa ugumu wake. Inakuonyesha ulipogusa, na inakuzuia milimita moja kabla ya hasara.

Tumia wembe wenye umbo la patasi, mpya kabisa. Nasisitiza upya wake, kwa sababu wembe butu unalazimisha mkono usukume, na mkono unaosukuma ndio unaoteleza. Upande wenye mshazari utazame chini, ukutani. Ukiugeuza, ncha huelekea kuzama. Ukiwa chini, huelekea kupanda. Anza katikati ya tuta na uende kwenye ncha, ukiondoa vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Usijaribu kufika ukutani kwa wembe. Bakiza unene wa karatasi.

Hicho kilichobaki, kikwaruze. Simamisha wembe wima na uuvute kuelekea kwako, kama anayeparua magamba ya samaki. Vumbi likitoka jeupe na laini, uko sawa. Likitoka kwa vinyuzi, umeinamisha wembe. Malizia kwa msasa namba 600, halafu 1000, uliogundishwa kwenye ncha ya kijiti cha meno. Kidole kisiguse msasa kamwe, ni kipana na kitakula ribiti.

Macho yatakudanganya, hasa plastiki ikiwa nyekundu. Zima taa ya chumba, laza tochi karibu na ukuta wa behewa mwanga upite kwa ubavu. Kila bonde na kila tuta lililobaki litatupa kivuli. Mpwa wangu alidhani amemaliza upande wa kushoto. Tochi ikamwonyesha matuta matatu. Alirudi nayo kwa nusu saa bila kulalamika.

Plastiki ya zamani huwa kavu na hupasuka badala ya kukatika. Ukisikia mlio wa "tik", acha wembe, tumia msasa peke yake, hata ikichukua saa nzima. Ribiti zikipotea licha ya yote, ziko stika zenye ribiti za rizini ambazo hubandikwa kwa maji na kupakwa rangi juu. Ziliniokoa, lakini ni ghali.

Hatua ya 4: Vishikio vya waya

Kishikio cha inchi 18 kwenye HO ni milimita 5.25. Vipo vya kuuzwa vilivyokwisha kukunjwa, ila mimi nakunja mwenyewe, maana matundu yako hayatalingana na ya kiwandani. Waya uwe wa shaba ngumu, milimita 0.3. Kwa hesabu kamili 0.25 ni sahihi zaidi, lakini huo hupinda ukishika behewa mara ya pili.

Ingiza kishikio, chomeka chini yake kipande cha plastiki chenye unene wa milimita 0.75, sukuma mpaka kikiguse, kisha tia tone la supa gluu *kutoka ndani* kwa ncha ya pini. Toa kipande. Vyote vitasimama umbali mmoja kutoka ukutani, na mwanga utapita.

Hatua ya 5: Antena

Simu ya treni ya Pennsylvania haikuwa redio. Sauti ilisafiri kwa induksheni kupitia reli na nyaya zilizopita kando ya njia, na ndiyo sababu antena yake ilikuwa mabomba marefu juu ya paa, yanayofanana na vyuma vya kushikia. Wengi wakiyaona hudhani ni ya watu kupanda.

Chora antena kwenye karatasi kwa ukubwa wa modeli, ukiitazama picha kwa ubavu, kisha kunja waya wa milimita 0.4 juu ya mchoro. Usikunjie juu ya behewa lenyewe. Mahali inapokutana na kibanda ndipo pa kuangalia kwa kikuzio. Nguzo ziunganishwe kwa risasi ya kuchomelea, siyo gundi. Gundi itaachia siku behewa likianguka, na litaanguka.

Hatua ya 6: Madirisha

Kata viduara kutoka plastiki angavu kwa panchi ya ngozi ya kiatu. Wengine hujaza tundu kwa gundi angavu. Mimi siitaki, inakauka ikiwa na tumbo, na dirisha la duara lenye tumbo linaonekana kama tone la maji. Viweke baada ya rangi.

Hatua ya 7: Rangi na maandishi

Praima ya kijivu, halafu rangi nyekundu ya kutu ya Pennsylvania kwa tabaka nyembamba, kisha rangi ya kung'aa, stika za maji, na mwisho rangi ya kufifisha. Stika hazishiki vizuri kwenye ukuta usiong'aa. Juu ya ribiti tumia Micro Sol, kimiminika cha kulainisha stika, na usiguse stika ikianza kukunjamana, itajilaza yenyewe.

Hatua ya 8: Uzito, magurudumu na viungio

Kwa kanuni ya NMRA, chama cha wapenzi wa reli za modeli cha Marekani, HO huanza na aunsi 1 na kuongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa letu lina inchi 4.75 hivi, kwa hiyo karibu gramu 95. Weka vipande vya chuma sakafuni, katikati.

Magurudumu yawe ya chuma, ya inchi 33 kwa kipimo cha behewa la kweli. Kiungio kilichofungwa kwenye fremu ya magurudumu kikate, ufunge kiungio cha kampuni ya Kadee kwenye sakafu ya behewa, na upime kimo chake kwa geji yao. Sikubali kukisia kimo kwa jicho.

Jaribu kwa kulisukuma kinyumenyume kwenye kona mbili zinazopishana. La mpwa wangu liliruka reli mara tatu. Skrubu za fremu zote mbili zilikuwa zimekazwa sawa, kwa hiyo behewa halikuweza kufuata reli iliyoinama upande. Tulilegeza moja robo mzunguko mpaka ikatikisika kila upande, na nyingine tukaiacha igeuke tu bila kuyumba. Mara ya nne lilipita, vishikio vikiwa vyeupe kwa mwanga wa dirisha, na akaomba tulirudishe lipite tena.